Mabeleshi Mbele, Plau Nyuma: Reli na Theluji ya Milimani

Tarehe 21 Januari 1890, mwandishi wa habari Nellie Bly alishuka melini San Francisco akiwa na haraka ya kufa mtu. Alikuwa ameondoka New York Novemba 14 ya mwaka uliotangulia, akitaka kuizunguka dunia kwa siku zisizofika 80, na gazeti lake la World lilikuwa limeipigia debe safari hiyo kila kona ya Marekani. Bahari zote alikwishazivuka. Kilichobaki ni kupanda treni na kusubiri kufika. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba njia ya reli inayopanda milima ya Sierra Nevada kwenda mashariki imefungwa. Theluji imeifukia, treni za abiria zimekwama huko juu, na mwenzake wa gazetini aliyetumwa kuja kumlaki amenasa hukohuko.

Gazeti likamkodia treni maalumu. Ikateremka kusini hadi jangwa la Mojave, ikazunguka, ikakata kwenda Chicago, na Januari 25 Bly akaingia Jersey City baada ya siku 72 na saa chache. Watu walijazana stesheni kumshangilia. Kule Sierra njia ilikaa karibu nusu mwezi haipitiki, na wanaume waliokuwa wakiifukua hakuna aliyewapigia makofi.

Reli ile haikuwa changa. Ilikuwa na miaka zaidi ya 20, na kampuni ya Central Pacific ilikuwa imejua habari ya theluji kabla hata ya kulaza taruma la kwanza mlimani. Theodore Judah, mhandisi aliyeipima njia, alieleza katika ripoti yake ya 1862 kwamba jambo hilo halitishi. Theluji ikianza tu kuanguka, pelekeni vichwa vya treni vyenye plau kileleni, kimoja kiteremke upande huu na kingine upande ule, vifagie kadiri inavyoshuka, na njia itabaki wazi. Kwenye karatasi hesabu ilikubali. Judah alifariki 1863 kwa homa aliyoipata Panama, reli ikiwa bado haijafika milimani, na kazi ya kuuona ubovu wa hesabu hiyo ikawaangukia wengine.

Sehemu yenyewe inaitwa Donner Pass, mita zaidi ya 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mawingu yanayotoka Pasifiki yamejaa maji hukutana na ukuta wa milima, hupanda, hupoa, na kuutua mzigo wote pale. Kwa wastani theluji inayoanguka kwenye kilele hicho kwa msimu mmoja, ukiijumlisha, hupita mita 10, na msimu wa 1937 na 1938 ilipita mita 20. Tena si ile nyepesi ya kwenye kadi za Krismasi. Ni theluji yenye maji mengi, nzito, ambayo upepo huishindilia hadi mtu akaitembelea bila kuacha unyayo. Mchana jua huiyeyusha ngozi ya juu, usiku inaganda, na kesho yake beleshi haliingii mpaka sururu itangulie.

Ujenzi wenyewe ulikuwa somo la kwanza. Msimu wa baridi wa 1866 na 1867, mhandisi John Gilliss aliyekuwa kileleni alihesabu dhoruba 44. Mojawapo ilianza katikati ya Februari ikaendelea hadi Machi, ikaacha mita tatu za theluji mpya. Maelfu ya vibarua kutoka kusini mwa China walikuwa wakitoboa handaki la kilele, mita 506 za mwamba mgumu, kwa nyundo, tindo, baruti na baadaye naitrogliserini iliyopikwa palepale kwa kuwa hakuna aliyekubali kuisafirisha. Kambi zao zilikuwa zimezama chini ya theluji. Walichimba vijia ndani yake kutoka mahali pa kulala hadi mdomo wa handaki, wakatoboa matundu ya kuingiza hewa na mwanga, na ziko wiki ambazo mtu alitoka kulala akaenda kazini na kurudi bila kuliona jua.

Mara kwa mara mlima ulimwaga. Poromoko la theluji lilishuka na kambi nzima, na waliofukiwa walipatikana masika theluji ilipoyeyuka. Ukitaka majina yao utahangaika, kwa sababu katika vitabu vya malipo kampuni iliandika jina la mnyapara tu na idadi ya watu alionao. Waliobaki walikuwa tarakimu. Naliweka hili mapema kwa makusudi. Historia ya plau za reli huandikwa kama hadithi ya mashine, na mashine kweli ni za kuvutia, lakini kila utakapoigusa hadithi hiyo utamkuta mtu mwenye beleshi amesimama pembeni, na mara nyingi hana jina.

Plau ya kwanza ya reli ilikuwa kabari. Mafundi waliunda pua ya mbao nzito, wakaivika mabati ya chuma, wakaiweka juu ya behewa na kulijaza vyuma chakavu ili lisipae. Iliingia chini ya theluji, ikainyanyua, ikaipasua kushoto na kulia. Katika nchi tambarare yenye theluji ya kufika magotini ilitosha kabisa. Milimani, Central Pacific ilitengeneza za kimo cha mita tatu na zaidi, na kwa kuwa kichwa kimoja cha treni hakikuweza kuzisukuma, waliunganisha vitano, vinane, hata kumi na viwili mfululizo.

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga kichwa ukuta. Msafara ulirudi nyuma kilomita moja au mbili, madereva wakajaza mvuke, honi ikapigwa, wakaachia. Mbele kulikuwa na rundo la theluji ambalo hakuna aliyejua ndani yake mna nini. Plau ilipoingia, madirisha yalifunikwa mara moja, chumba cha dereva kikawa giza, na waliomo walishika chochote kilicho karibu wakisubiri ama kutokea upande wa pili ama kusimama ghafla. Mara nyingi walisimama. Pua ilikuwa imezama, magurudumu yamezungukwa, na msafara haurudi nyuma wala hauendi mbele. Vibarua wakashuka, wakachimba kuzunguka kila gurudumu, vichwa vya nyuma vikavuta, kisha ikaanza upya. Wajanja walijifunza kutuma vibarua watangulie, wakakate mitaro ya kukingama juu ya rundo, ili kabari ikifika theluji ivunjike vipande badala ya kujishindilia. Ndiyo kusema hata mashine yenye vichwa kumi vya treni nyuma yake ilihitaji mabeleshi mbele.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa ndogo sana kwa macho. Gurudumu la treni linabaki relini kwa sababu ya ukingo mwembamba wa chuma unaoning'inia upande wa ndani wa reli, sentimita mbili au tatu hivi. Barafu ikijaa katika ule mfereji unaopita ukingo, gurudumu hupanda juu yake, na uzito wote wa kichwa cha treni hautasaidia kulirudisha. Kwa hiyo baada ya plau kupita na njia kuonekana nyeupe na safi, walipita watu wenye sururu na mafagio wakichokoa barafu pembezoni mwa chuma, hatua kwa hatua. Baadaye vilitengenezwa visu maalumu vya kuning'inizwa chini ya behewa vifanye kazi hiyo, vya kunyanyuliwa kila vinapokaribia makutano ya njia. Aliyechelewa kuvinyanyua alizing'oa reli za watu.

Arthur Brown, aliyesimamia madaraja na majengo ya Central Pacific, hakujidanganya. Katika maelezo yake ya baadaye alisema kwamba katika msimu wa 1867, pamoja na plau kubwa kuliko zote zilizokuwapo, njia haikuwa wazi hata nusu ya muda, na ilipokuwa wazi ilikuwa hasa kwa nguvu ya mabeleshi, jeshi la watu wa kulipwa kila siku. Jibu lake halikuwa plau kubwa zaidi. Aliamua kuezeka reli.

Kiangazi cha 1868 Brown alikuwa na watu wapatao 2,500 na treni sita za kusambaza mbao. Walipomaliza, karibu kilomita 60 za njia zilikuwa ndani ya mabanda ya mbao: nguzo nene, mapaa yenye mteremko wa kuachia theluji, na pale penye maporomoko, paa lililoegemezwa mlimani ili theluji ipite juu ya treni ianguke bondeni. Tani 900 za misumari na bolti ziliingia humo, na gharama ikapita dola milioni mbili za wakati ule. Wafanyakazi walisema ni sawa na kuendesha treni ndani ya zizi. Abiria waliolipa nauli ili waone milima walilalamika kwamba waliona mbao.

Kisha ukaja moto. Banda la mbao kavu lenye urefu wa makumi ya kilomita, linalopitwa kila siku na mashine zinazotema cheche, ni kiberiti. Kampuni iliweka treni za zimamoto zenye matangi ya maji, moto wake ukiwa umewashwa saa zote ziweze kuondoka mara moja, na mlinzi juu ya kilele cha Red Mountain, akiyatazama mabanda kwa darubini kutafuta moshi usio wa treni. Moshi wa treni nao ulikuwa na kesi yake. Ndani ya mabanda na mahandaki ulimrudia dereva usoni, na mashine zilipokua ukawa wa kuua. Kuanzia 1910 Southern Pacific, iliyokuwa imeirithi njia hiyo, ilileta vichwa vya treni vilivyogeuzwa kinyume, chumba cha dereva kikiwa mbele kabisa na bomba la moshi nyuma. Mtu akiona picha zake leo hudhani ni kosa la mchoraji. Ni theluji iliyozaa mbao, mbao zikazaa moshi, na moshi ukaigeuza mashine kichwa chini miguu juu.

Mashine iliyokuja kubadili mambo haikutoka kwa kampuni ya reli. J. W. Elliott alikuwa daktari wa meno mjini Toronto, Kanada. Mwaka 1869 alipata hataza ya beleshi la kuzunguka, gurudumu lenye mapanga la kufungwa mbele ya treni. Kwa nini mng'oa meno awaze theluji ya reli, kila mtu na akisie; ila fikra ya kutoboa badala ya kusukuma haikuwa ngeni kwake. Hakuna kampuni iliyomsikiliza. Miaka kama 15 baadaye Orange Jull, mwenye kinu cha kusaga nafaka katika mji wa Orangeville, Ontario, aliichukua fikra hiyo akaiboresha, kisha haki zake zikanunuliwa na ndugu wawili wa mji huohuo, akina Leslie. Hao ndio walioitengeneza kweli. Wakati wa baridi wa 1883 na 1884 ya kwanza ilijaribiwa kwenye yadi ya Canadian Pacific mjini Toronto, na ikaonyesha kwamba inatupa.

Ya mwanzo ilikuwa na magurudumu mawili, la mbele la kukata na la nyuma la kurusha, yakizunguka kwa kupingana, na theluji ilikwama katikati. Waliyaunganisha yakawa moja. Kiwanda cha Cooke cha Paterson, New Jersey, kikaanza kuziunda, na Union Pacific ikawa miongoni mwa wateja wa kwanza. Mafundi wa reli waliiita rotari, na jina hilo halijabadilika.

Tuitazame kwa karibu. Mbele kuna sanduku la mraba la chuma, pana kuliko behewa, na ndani yake gurudumu la kipenyo cha mita tatu hivi, pangaboi lililosimamishwa wima likitazama mlima. Gurudumu lina mifuko mirefu ya chuma kama kumi iliyopangwa kuzunguka kitovu, na midomo ya mifuko hiyo ina visu vyenye bawaba. Likizunguka kulia visu vinajigeuza vyenyewe kukata upande huo. Likizunguka kushoto vinageuka tena. Theluji inakatwa, inaingia mfukoni, na kasi inaitupa nje kupitia tundu lililo juu ya sanduku, lenye kifuniko cha kuelekezwa upande wowote. Fundi anachagua bonde. Akikosea anaangusha nguzo za simu za kampuni yake mwenyewe, na wapo waliokosea.

Nyuma ya gurudumu kuna boila kamili na injini, ila injini hiyo haiendeshi rotari hata hatua moja. Kazi yake ni kuzungusha gurudumu basi. Kusukuma kunafanywa na vichwa vya treni vilivyo nyuma, viwili, vitatu, vinne. Hapo ndipo penye ufundi. Aliye mbele anaiona theluji na kuusikia mlio wa visu; walio nyuma hawaoni kitu ila ukuta mweupe pande zote. Waliongea kwa honi: mlio wa kusonga, wa kusimama, wa kurudi. Wakisukuma mno gurudumu linasongwa na kusimama. Wakisukuma kidogo linazunguka hewani bure. Rotari yenye timu nzuri ilikwenda mwendo wa mtu anayetembea haraka, ikiacha nyuma yake mfereji wenye kuta zilizonyooka, na upinde wa theluji ukitua mbali na njia. Makaa iliyoyala siku moja yangetosha treni ya abiria kwa safari ndefu, na maji yalipokwisha, vibarua walijaza tangi kwa mabeleshi ya theluji ileile waliyokuwa wakiipiga vita.

Jull hakufurahia kuwa mtu wa pembeni. Alirudi na mashine yake nyingine iliyotumia parafujo kubwa la chuma badala ya gurudumu, na mwaka 1890 mashine hizo mbili zilishindanishwa huko Colorado, kwenye njia ya kupanda handaki la Alpine. Rotari ya akina Leslie ilishinda. Ilishinda pia katika masoko, kutoka Milima ya Rocky hadi Alaska, ambako reli ya White Pass, iliyojengwa wakati wa mbio za dhahabu za Klondike, ilinunua yake 1898. Norway waliitumia kwenye reli ya Bergen, iliyofunguliwa 1909 na kupita Finse, mita 1,222 juu. Waswisi wa reli ya Bernina, wanaopanda hadi mita 2,253, walijitengenezea mwaka 1910 rotari ya mvuke inayojiendesha yenyewe. Mashine hiyo bado ipo na hutolewa nje mara chache kuwafurahisha wapiga picha.

Lakini rotari ilikuwa na mambo mawili isiyoyaweza. La kwanza ni kuta zake yenyewe. Kila ikipita mfereji unazama, na dhoruba ya nne au ya tano ikija kuta ni ndefu kuliko urushaji wake. Hapo walipanda watu. Walichonga ngazi kwenye ukuta wa theluji, mmoja juu ya mwingine, wa juu kabisa akibomoa, wa kati akipokea na kusukuma, wa chini akiangusha relini ili rotari irudi kuizoa. La pili ni baya zaidi. Theluji iliyoanguka kutoka mbinguni ni theluji tu. Iliyoporomoka kutoka mlimani imekokota miti, visiki na mawe, na kisu kinachozunguka kwa kasi kikikutana na kisiki cha msonobari, kinachovunjika ni kisu. Kila poromoko lilipaswa kupekuliwa kwanza kwa mkono, kwa shoka na baruti, kabla mashine haijaruhusiwa kusogea.

Yote hayo yalikutana Wellington, jimbo la Washington, Februari 1910. Kampuni ya reli ya Great Northern ilikuwa na njia yake ya kuvuka milima ya Cascade kupitia Stevens Pass, na chini ya kilele ilikuwa na handaki la kilomita nne na zaidi. Wellington kilikuwa kituo kidogo upande wa magharibi wa handaki hilo: stesheni, hoteli ndogo, nyumba za wafanyakazi, na njia kadhaa za reli juu ya kitako chembamba cha mlima. Treni mbili zilizotoka Spokane kwenda Seattle, moja ya abiria na nyingine ya barua, zilizuiliwa kwanza upande wa mashariki. Zikavushwa hadi Wellington. Muda mfupi baada ya kuondoka, poromoko lililisomba banda la mapishi ambamo abiria walikuwa wamekula, likaua wapishi wawili. Abiria walipopata habari hizo walidhani wameponea chupuchupu.

Msimamizi wa divisheni, James O'Neill, hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Alikuwa njiani na rotari zake mchana na usiku, halali. Ziko saa theluji ilianguka sentimita 30. Rotari moja ikagonga kisiki na kuvunjika. Nyingine zilinaswa kati ya maporomoko, mbele limefunga na nyuma limefunga, na makaa yakaisha. Akiba ya makaa ya Wellington nayo ilikuwa ikikaribia mwisho. Nyaya za simu zilikatika. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Yalibaki mabeleshi. Vibarua walikuwa wakilipwa senti 15 kwa saa, kazi ya baridi kali, chini ya mlima unaomwaga. Waliomba waongezwe. O'Neill alikataa, na wengi wao wakabwaga mabeleshi, wakashuka mlimani kwa miguu. Waandishi wengi hulitaja jambo hili kwa haraka wakaendelea na dhoruba. Mimi naona hapa ndipo kiini kilipo. Kampuni iliyoweka fedha katika rotari za bei ya kichwa cha treni ilishindwa kuona kwamba bila watu wa senti 15 rotari hizo ni vyuma vilivyosimama.

Abiria waliomba treni irudishwe ndani ya handaki. Waliambiwa kwamba humo kuna moshi, baridi na maji yanayochuruzika, na kwamba mahali treni zilipo hapajawahi kuporomokewa. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Ila mteremko wa juu yake ulikuwa umeungua kwa moto wa msitu, na miti ambayo ingeishikilia theluji haikuwapo tena. Baadhi ya abiria, waliochoka kusubiri, waliamua kushuka wenyewe hadi kituo cha Scenic, sehemu nyingine wakiteleza kwa makalio. Walifika salama. O'Neill naye alikuwa ameshuka Scenic kutafuta simu.

Usiku wa kuamkia Machi 1 theluji iligeuka mvua, na radi ikapiga. Ilipopita saa saba na nusu usiku, mlima wote wa juu ya Wellington uliachia. Treni zote mbili, pamoja na vichwa vya umeme vya handaki na kila kilichosimama relini, vilitupwa bondeni, kina cha mita 45 hivi. Walikufa watu 96, wengi wao wafanyakazi wa reli. Mwili wa mwisho ulipatikana Julai. Baraza la uchunguzi wa vifo lilisema poromoko lenyewe lilipita uwezo wa binadamu, lakini liliilaumu kampuni kwa uhaba wa makaa na kwa kutowalipa vibarua kiasi cha kuwabakiza kazini. Mahakama ya juu ya jimbo ilipofikiwa, ilihukumu kwamba ni kudra ya Mungu. Kabla mwaka haujaisha kampuni ilikuwa imekibadili jina kituo, kikaitwa Tye, kwa kuwa abiria hawakutaka tena kulisikia la zamani.

Siku tatu tu baada ya Wellington, Machi 4, upande wa Kanada. Kwenye Rogers Pass, poromoko lilikuwa limeifunika njia ya Canadian Pacific, na kikosi kilipelekwa usiku na rotari kwenda kulizibua. Wengi wa kikosi hicho walikuwa vibarua, na 32 walikuwa Wajapani. Walikuwa ndani ya mfereji walioukata wenyewe, wakiondoa miti ili mashine ipite, pale mlima wa ng'ambo ulipoachia nao saa tano na nusu usiku. Walikufa 58. Kichwa cha treni cha tani 91 kilinyanyuliwa na kutupwa, rotari ikiwa pamoja nacho. Aliyetoka hai katika lile rundo ni mmoja, mtia makaa Billy LaChance, aliyerushwa na upepo wa poromoko. Mwaka 2010, miaka mia ilipotimia, ilifanyika kumbukumbu yao, na majina ya Wajapani wale yakasomwa pamoja na ya wenzao.

Baada ya 1910 kampuni zote mbili ziliacha kubishana na theluji zikapita chini yake. Canadian Pacific ilichimba handaki la Connaught, kilomita nane, likafunguliwa 1916, na njia ya juu ya Rogers Pass ikang'olewa. Great Northern ilianza kwa kujenga mabanda mapya, mengine ya zege, kisha ikatoboa handaki jipya la kilomita 12.5 lililofunguliwa Januari 1929. Leo mahali palipokuwa Wellington ni njia ya watembea kwa miguu, na banda la zege bado limesimama kando yake.

Sierra haikuwa na njia hiyo rahisi. Handaki la pili la kilele, la mwaka 1925, ni refu kuliko la Wachina mara sita, lakini kilomita nyingi za kupanda na kushuka zimebaki wazi. Januari 13, 1952, treni ya kifahari City of San Francisco yenye watu 226 ilikwama karibu na Yuba Gap na kukaa siku tatu. Rotari zilizotumwa kuiokoa zilikwama pia. Moja ilipinduliwa na poromoko, fundi wake akafa. Abiria waliokolewa baada ya barabara ya magari iliyo jirani kufunguliwa, wakatembea hadi kwenye magari.

Handaki la kwanza la kilele liliachwa 1993, reli zake zikaondolewa. Kazi ya kila siku ya mlima sasa hufanywa na mashine zenye mabawa ya kusukuma theluji kando, na rotari huwekwa akiba kwa miaka kuta zinapokuwa ndefu mno. Za Union Pacific, mrithi wa sasa wa njia hiyo, zina miili iliyoundwa enzi za mvuke. Boila zilitolewa, mahali pake zikawekwa mota zinazopata umeme kutoka kwenye kichwa cha dizeli kilichofungwa nyuma. Msimu wa baridi wa 2017 ziliitwa Donner Pass. Gurudumu ni lilelile, visu bado vina bawaba, na kabla ya kuingia kwenye poromoko timu inasimama kwanza, watu wanashuka kutafuta miti.